"Kijana, Umesoma Wapi?"

Mwenzako anataka kuingia kwenye kazi za hisa na mitaji, lakini cheti chake ni cha chuo ambacho watu wakikisikia wanauliza, "Hicho kiko mkoa gani?" Je, umsaidie au umkate kauli? Yamenikuta mimi mhariri wako, na leo nayasema.

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kuungama. Mwaka 2016 nilisema uongo mbele ya wazee wangu, siku ya kumtambulisha mchumba. Uongo wenyewe haukuhusu mwanaume mwingine wala mtoto wa nje. Ulihusu chuo.

Tulikuwa sebuleni kwa mama, Tabata. Pilau limeshaliwa, soda zinamaliziwa, mazungumzo yanakwenda vizuri. Mjomba wangu, mtu aliyekula chumvi nyingi kwenye kazi za benki, akamgeukia mgeni wetu. "Kijana, umesoma wapi?"

Kabla hajafungua mdomo, nikadakia. "Mlimani, mjomba."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Safi sana. Wiki ijayo nipe CV yako, tuone." Mchumba wangu akainamisha uso, akawa anaangalia kucha zake.

Ukweli ni kwamba aliyesoma Mlimani ni mimi, tena mawasiliano ya umma. Yeye alichukua shahada ya fedha katika chuo kidogo cha mkoani, kipya wakati huo, ambacho sitakitaja kwa sababu hakina kosa lolote katika habari hii. Kosa lilikuwa langu.

Kwenye bajaji hakusema kitu mpaka tukafika Buguruni. Ndipo akaniuliza, taratibu kabisa, "Hivi ulikionea aibu chuo changu, au ulinionea aibu mimi?"

Nikajibu eti nilikuwa namsaidia. Hakunijibu tena mpaka asubuhi.

KWANI KAZI YENYEWE NI IPI?

Mama yangu mpaka leo akiulizwa mkwe wake anafanya kazi gani, anasema, "Yuko benki." Si kweli, lakini simlaumu, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa.

Chukua mfano wa mtu mwenye duka la jumla Kariakoo. Biashara imekua, anataka kufungua jingine Mwanza, pesa hazitoshi. Anaweza kukopa benki. Anaweza kuuza robo ya biashara yake kwa watu wengine. Au anaweza kuwakopa watu wengi kwa mkupuo, awalipe riba kila baada ya muda, na mwisho awarudishie chao. Sasa, hiyo robo ni shilingi ngapi? Riba iwe kiasi gani ili watu waje na yeye asiumie? Nani ataandika ule waraka wa kuwaeleza wanunuzi ukweli wote wa biashara, pamoja na hatari zake? Mtu wa kujibu maswali hayo ndiye mtu wa benki ya uwekezaji. Weka kampuni kubwa mahali pa duka, utaona kwa nini kazi hii ina heshima na ina mshiko.

Nairobi kuna kampuni zenye leseni iliyoandikwa kabisa "benki ya uwekezaji". Kwetu Tanzania kazi hiyo hiyo imegawanyika. Sehemu wanaifanya madalali wa hisa, sehemu washauri wa uwekezaji, sehemu iko kwenye idara za benki kubwa za biashara. Anayetoa leseni na kusimamia ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyotokana na sheria ya mwaka 1994. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL.

Kwa maneno mengine, soko letu ni changa na ni dogo. Kampuni za kuajiri ni chache, wanaofanya kazi humo wanajuana kwa majina, na nafasi moja ikitokea inagombaniwa kama daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Hapo ndipo jina la chuo linapoanza kuuma.

SIMU YA MJOMBA

CV ilikwenda kwa mjomba kama ilivyo, na jina la chuo cha kweli. Mwenyewe aliipeleka. Nilimsihi "aifiche" sehemu ya elimu kwa chini kidogo, akakataa.

Siku tatu baadaye simu yangu ikaita. "Mwanangu, mbona karatasi haisemi ulichoniambia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaungama pale pale. Mjomba akanyamaza kidogo, halafu akaniambia maneno ambayo sijayasahau. Kwa kifupi alisema hivi: wakitangaza nafasi mbili wanaletewa barua mamia. Hakuna mwenye muda wa kuzisoma zote. Kwa hiyo anayezipunguza anaanza na jina la chuo, si kwa kuwa anaamini wengine ni mbumbumbu, ila kwa kuwa ndiyo njia ya haraka na hakuna bosi atakayemuuliza kwa nini. "Ukileta kijana wa chuo kikubwa akaharibu, tatizo ni la kijana. Ukileta wa chuo kisichojulikana akaharibu, tatizo ni lako."

Nilidhani huo ni ushamba wetu. Baadaye nikasoma kitabu cha mwanasosholojia Lauren Rivera, kilichotoka Marekani mwaka 2015 kwa jina la Pedigree. Alifuatilia jinsi benki za uwekezaji, kampuni za sheria na za ushauri zenye majina makubwa zinavyoajiri, akakuta ni yale yale. Wana orodha ya vyuo wanavyovitembelea na kuvifanyia usaili. Mwanafunzi wa chuo kisicho kwenye orodha anatuma barua yake kama anayetupa jiwe baharini. Na hata kwa walio kwenye orodha, wasaili wanaangalia pia kama mtu "anafanana na sisi" katika michezo, safari na mazungumzo.

Lakini huko huko kwa wenzetu kuna mzee mmoja ananifurahisha. Sidney Weinberg aliacha shule akiwa kijana mdogo, akaingia Goldman Sachs mwaka 1907 kama msaidizi wa mfagizi. Mwaka 1930 akawa mkuu wa benki hiyo, na akabaki kileleni mpaka alipofariki mwaka 1969. Dunia ya leo siyo ile, sikudanganyi. Hata hivyo benki hiyo hiyo mwaka 2016 ilitangaza kwamba usaili wake wa kwanza kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza utafanywa kwa video badala ya kwenda vyuoni, ili kuwafikia na wale wa vyuo ambavyo haikuwa ikivitembelea.

Mjomba hakumpa mchumba wangu kazi. Alimpa ushauri tu: "Mlango wa mbele hautafunguka. Atafute mwingine, na akifika ndani awe na kitu mkononi."

MEZA YA FOMU

Mlango mwingine ulikuja mwaka 2017. Sheria ilikuwa imezitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zake kwa wananchi, na Vodacom Tanzania ikawa ya kwanza kwenda sokoni. Hisa milioni 560, kila moja Sh850, jumla Sh476 bilioni. Mauzo yalianza Machi, yakaongezewa muda, na hisa zikaingia sokoni Agosti.

Kazi kama ile inahitaji mikono. Watu ambao hawajawahi kununua hisa maishani walikuwa wanafika na pesa zao na maswali yao, na lazima awepo wa kuwajazia fomu. Kampuni moja ilichukua vijana wa muda. Mchumba wangu akaenda. Posho ilikuwa ya nauli na chakula, basi. Rafiki zangu wakacheka: "Shemeji ana digrii anajaza fomu?"

Alijaza. Jioni akirudi alikuwa ananiambia maswali ya watu. Mama ntilie ameuliza, je, nikitaka pesa yangu kesho nitaipata? Mstaafu ameuliza, gawio ni lazima kila mwaka? Alikuwa anayaandika yote kwenye kauntabuku. Na nyuma ya kauntabuku hiyo hiyo alianza kitu kingine. Alichukua taarifa za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa, ambazo ziko wazi kwa kila mtu, akawa anachambua kampuni moja kila wiki. Inaingiza kiasi gani, inadaiwa kiasi gani, fedha taslimu inakwenda wapi, na bei ya hisa ukilinganisha na faida ni ghali au ni rahisi. Aliwahi kunieleza hivi: hisa ikiuzwa Sh600 na faida ya kila hisa kwa mwaka ni Sh60, umelipia faida ya miaka kumi. Je, unaamini hiyo miaka kumi?

Akajiandikisha pia kwenye kozi ya cheti cha watendaji wa masoko ya mitaji, ile ambayo Mamlaka inaiendesha kwa kushirikiana na Chartered Institute for Securities and Investment ya Uingereza. Mtihani ule haujali umetoka chuo gani. Unajibu, unapita au unafeli.

Alifeli mara ya kwanza.

SIKU NILIYOHARIBU

Wasomaji wetu mnapenda habari za mapenzi ziishie kwenye keki. Subirini kwanza.

Harusi tulikuwa tumeipanga Desemba 2017. Kadi za michango zilikuwa zinakaribia kuchapwa. Akaniomba tuisogeze, kwa sababu ada ya kurudia mtihani na kodi ya chumba haviwezi kukaa mfuko mmoja na ukumbi. Mama akanuna. Mashosti wakaanza kuniuliza kama kweli huyu mwanaume yuko siriazi. Na mimi, kwa hasira za siku nyingi, nikatoa sentensi ambayo ningekuwa na uwezo ningeirudisha: "Labda mjomba alikuwa sahihi kuhusu vyuo vile."

Hakugomba. Akachukua begi lake la mgongoni, akaenda kulala kwa rafiki yake Temeke. Wiki mbili hatukuongea zaidi ya "umeamkaje" kwenye simu.

Alisahau kauntabuku mezani kwangu. Usiku mmoja nikaifungua. Mizania sikuielewa hata kidogo, lakini sentensi ndiyo kazi yangu, na zile zilikuwa hazisomeki! Fikra nzuri zimefukiwa chini ya maneno magumu ya darasani, aya moja ukurasa mzima. Nikachukua kalamu nyekundu, nikahariri kampuni ya kwanza, ikatoka kurasa mbili safi. Nikampelekea Temeke mkononi, pamoja na samahani. Sikusema samahani kwa kumficha. Nilisema samahani kwa kumdharau, maana swali la Buguruni nilikuwa nalijua jibu lake tangu siku ile ile.

Tukaanza upya. Yeye anachambua, mimi nahariri. Jumamosi asubuhi ikawa ya kazi, Jumapili mchana ikawa yetu, hakuna kitabu wala simu. Mtihani akaurudia, akapita. Zilipofika nakala kumi na mbili akazipeleka mwenyewe kwenye ofisi za madalali mjini, moja baada ya nyingine. Wengi walizipokea mapokezi na habari ikaishia hapo. Mmoja akamwita, katikati ya mwaka 2018.

Kwenye usaili likaja lile lile: "Umesoma wapi?" Akakitaja chuo chake, akanyamaza. Msaili akafungua moja ya zile kurasa, akamwonyesha mahali ambapo hesabu yake ya faida haikuwa imetoa mapato yaliyopatikana mara moja tu kwa kuuza jengo. Akatazama, akasema, "Hapo nimekosea. Faida halisi ni ndogo kuliko nilivyoandika, kwa hiyo hisa ni ghali kuliko nilivyosema." Walimpa nafasi ya msaidizi, kwa mshahara ambao ulikuwa mdogo kuliko wangu.

Leo ni miongoni mwa watu wanaokesha wakiandaa nyaraka za hati fungani. Na soko limechangamka kidogo. Mwaka 2022 hati fungani ya NMB ya kuwawezesha wanawake, Jasiri, ilitafuta Sh25 bilioni ikapata zaidi ya Sh74 bilioni. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikwenda sokoni na hati fungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni kwa ajili ya miradi ya maji. Kila toleo la namna hiyo linataka watu wa kupiga hesabu na kuandika.

KAMA NI WEWE, FANYA HIVI

Moja, usifiche chuo. Soko hili ni dogo, uongo utakutana nao kwenye kona. Kitaje, kisha onyesha kazi.

Mbili, kuwa na kitu kinachosomeka. Chagua kampuni tatu za sokoni, chukua taarifa zao za mwaka, andika kurasa mbili kwa kila moja. Wengi wanaoomba kazi hawajafanya hata moja.

Tatu, tafuta mlango wa pembeni. Kampuni za ukaguzi wa hesabu, idara za hazina za benki, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kaunta za madalali. Ukiwa ndani, kuhama meza ni rahisi kuliko kuingia kutoka barabarani.

Nne, chukua cheti kisichouliza ulikotoka. Cha masoko ya mitaji ni cha kuanzia. CPA inaheshimika. CFA ina ngazi tatu, na wenye mtihani wanashauri saa kama 300 za kusoma kwa kila ngazi. Hiyo ni saa mbili kila siku kwa miezi mitano, kwa hiyo usianze bila kuongea na mwenzako.

Tano, kama bado uko chuoni, ingia kwenye shindano la uwekezaji la wanafunzi linaloendeshwa na Soko la Hisa. Mle mwanafunzi wa chuo kidogo anashindana na wa chuo kikubwa kwa namba tu.

Sita, omba ushauri kabla ya kuomba kazi. Mtu anayekunyima nafasi mara nyingi hatakunyima dakika kumi za kukueleza alivyoingia yeye.

NA KAMA NI MWENZAKO

Dada, kaka, wewe unayeishi na mtu wa namna hii, ujue na wewe unalipa. Unalipa kwa jioni zako na kwa sherehe zinazosogezwa mbele. Kwa hiyo kaeni chini mkubaliane mapema: mitihani mingapi, pesa kiasi gani, mpaka lini. Siku ya mapumziko iwe moja na iheshimiwe. Usimtetee kwa uongo mbele ya ndugu. Na ukikasirika, gombana naye kuhusu mtihani, kuhusu vyombo visivyooshwa, kuhusu chochote, lakini usiguse pale anapojua kwamba dunia nzima tayari inampiga.

Harusi yetu ilifanyika mwaka 2019, ndogo kuliko ile ya kwanza kwenye karatasi. Mjomba alipopewa kipaza sauti alimtambulisha mkwe wake kwa jina la chuo chake, kwa sauti kubwa. Mkoa alikosea, lakini chuo alikitaja.

Nilidhani habari imeishia hapo. Mwezi uliopita tulitangaza nafasi moja ya mafunzo hapa ofisini kwetu, zikaja barua zaidi ya 40. Ilikuwa Ijumaa jioni, nimechoka, foleni inanisubiri. Nikajikuta nazipanga mafungu mawili mezani: Mlimani na vyuo vikubwa vingine huku, wengine wote kule. Nilikuwa nimeshafika barua ya kumi na tano ndipo nikashtuka.

Nikazichanganya zote upya, nikazibeba nyumbani. Usiku ule mume wangu alikuwa na waraka wake upande mmoja wa meza, mimi na barua zangu upande wa pili, nikazisoma moja moja kuanzia chini, pale ambapo mtu anaeleza amewahi kufanya nini. Tulimaliza saa saba usiku.

Binti niliyemchagua anaanza Jumatatu. Akifika nitamuuliza mengi, ila hilo la chuo nitaliacha kwanza.

Tukutane mwezi ujao.